Barua ya wazi kwa viongozi wa jumuiya zetu Marekani: wapeni wazee wetu asubuhi moja

Kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa jumuiya za Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi hapa Maryland na majimbo jirani, na kwa maimamu na wachungaji wetu.

Shikamooni mlio wakubwa kwangu, na salamu kwenu wengine wote.

Mimi ni mwanamke wa Tanga. Nimeishi Baltimore miaka kumi na minne, na tisa kati ya hiyo nimekuwa mtunza wazee. Wengi wenu kazi hii mnaijua kwa mikono yenu: kuogesha, kuvisha, kuhesabu vidonge, kumpeleka mtu kliniki na kumrudisha. Bibi ninayemtunza sasa ni Myahudi wa miaka 88. Jina lake silitaji, na haya ninayoyaandika ameridhia niyaandike. Kila Jumanne na Alhamisi nampeleka mahali fulani, na kila nikikaa pale kwenye kiti cha nyuma namfikiria mama yangu. Ndiyo sababu ya barua hii.

Mahali penyewe ni jumba la jumuiya ya Wayahudi. Si sinagogi, wala si nyumba ya kulelea wazee. Majumba ya namna hii yameenea katika miji mingi ya Marekani, na mizizi yake iko hapahapa Baltimore, ambako mwaka 1854 vijana wa Kiyahudi waliunda chama cha kukutana, kusoma na kusikiliza mihadhara. Wenzao wa New York wakafuata mwaka 1874, na jumba lao la Mtaa wa 92 bado linajaa watu mpaka leo. Hili letu lina bwawa la kuogelea, darasa la watoto wadogo na ukumbi wa mikutano. Asubuhi, sehemu kubwa ya jumba inakuwa ya wazee.

Saa nne kasorobo viti vimeshapangwa duara, viti vya mgongo, visivyo na magurudumu. Wazee wanaingia mmoja mmoja na woka zao, zile fremu za kushikia, miguu ya nyuma imevishwa mipira ya tenisi iliyotobolewa ili isikwaruze sakafu. Mwalimu hana mbwembwe. Anawaambia wakunje mikono kifuani, kisha wainuke na kukaa, wainuke na kukaa, kwa nusu dakika, huku kila mmoja akijihesabia. Jambo linaonekana dogo, lakini madaktari wa hapa wanalitumia kama kipimo: mwanamke wa miaka 85 hadi 89 asiyefikisha mara nane yuko kwenye hatari ya kuanguka. Bibi alipoanza alifika tano, na ya tano alijishikilia kwenye kiti. Mwezi Aprili mwaka huu alifika tisa, mimi mwenyewe nikihesabu pamoja naye kimoyomoyo kwa Kiswahili.

Sisi tunaoifanya kazi hii tunajua maana ya tisa. Anayeweza kuinuka chooni bila kuvutwa anabaki na heshima yake na nyumba yake. Asiyeweza, siku moja anateleza, nyonga inavunjika, na kutoka hospitali anapelekwa kwenye kitanda ambacho wengi hawakiachi tena. Marekani kila mwaka mtu zaidi ya mmoja katika kila wanne wenye miaka 65 na kuendelea huanguka. Kwa hiyo baada ya kuinuka na kukaa, wanatembea juu ya utepe uliobandikwa sakafuni, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, mwalimu pembeni na mkono tayari. Siku za Alhamisi kuna tai chi, mazoezi ya Kichina ya polepole, ambayo yamepimwa na kuonekana kupunguza kuanguka.

Baada ya hapo ni chai, kisha meza ya majongi, mchezo wa vipande wenye asili ya Kichina. Vipande vyake ukivivuruga mezani vinalia kama dhumna zetu za barazani, na mabishano ni yaleyale. Wanawake wa Kiyahudi wa New York ndio waliounda chama cha mchezo huo mwaka 1937, na kila mwaka chama hutoa kadi mpya yenye mipangilio ya vipande inayokubalika kushinda. Maana yake ni kwamba kila mwaka bibi wa miaka 88 analazimika kujifunza upya. Anainunua yenye maandishi makubwa, anaibandika kwenye friji, na mimi ndiye ninayemsailia asubuhi akinywa dawa.

Kinachofuata ndicho hasa kilichonifanya nichukue kalamu.

Saa tano na nusu wanaingia chumba kidogo kusoma. Wanasoma sehemu ya Taurati ya wiki ile, wawili wawili, kila mmoja akimuuliza mwenzake, akimpinga, akirudi nyuma. Wanakuita kusoma huko havruta. Hawasomi kwa kujipotezea muda. Kwao kusoma ni wajibu usiostaafiwa. Musa bin Maimun, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufa Misri mwaka 1204, mwanachuoni na tabibu wa wakuu wa Misri zama za Salahuddin, aliandika kwamba mtu ana wajibu wa kusoma hata akiwa mzee aliyeishiwa nguvu, na akiuliza mpaka lini, jibu ni mpaka siku ya kufa. Katika kitabu alichoandika hayo akaweka mlango mzima wa afya ya mwili: kula, kulala, kuoga, kufanya mazoezi. Kwa hiyo lile darasa la viti na hili la Taurati kwao ni jambo moja, ndiyo maana yako chini ya paa moja.

Katika kile chumba kuna mzee mmoja, zamani alikuwa na duka la dawa. Ana ugonjwa wa kusahau. Siku nyingine hajui kama ni asubuhi au jioni, na swali moja atakuuliza mara nne kabla chai haijapoa. Siku ya kwanza kumwona nilidhani atakalishwa pembeni apewe picha za kupaka rangi, kama nilivyozoea kuona kwingine. Mwalimu alimsogezea kitabu, akamwekea kidole kwenye mstari, akamwomba asome Kiebrania. Akasoma. Sauti ilitoka imenyooka, kwa lahani aliyofundishwa utotoni, mstari wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho wa aya. Alipomaliza akauliza, "Tuko wapi?" Mwenzake wa havruta akamwambia, "Tuko pamoja, tunasoma," akageuza ukurasa.

Baadaye nikamuuliza mwalimu kwa nini hawamweki kwenye kundi la wagonjwa. Akanieleza jambo lililomo kwenye Talmud, kitabu chao cha mafundisho ya wahenga. Nabii Musa alipoyavunja yale mabamba ya mwanzo ya amri, vipande havikutupwa. Viliwekwa ndani ya sanduku takatifu, pamoja na mabamba mapya yaliyo mazima, na watu wakavibeba vyote jangwani. Kwa hiyo wakaonya wahenga wao: mheshimuni mzee aliyesahau elimu yake bila kosa lake, maana hata vipande vya mabamba vina nafasi yake ndani ya sanduku. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikarudi kumvalisha Bibi koti.

Sina budi kusema pia habari ya Bibi mwenyewe. Alipokuwa msichana, katika sinagogi ya wazazi wake mvulana akifika miaka 13 aliitwa mbele kusoma Taurati, na wasichana waliangalia tu. Msichana wa kwanza Marekani kufanyiwa hafla hiyo alifanyiwa New York mwaka 1922, lakini ilichukua miongo mingi desturi kuenea. Bibi alikaa na hamu hiyo moyoni mpaka alipofikisha miaka 83. Wayahudi wana hesabu yao: Zaburi inasema umri wa mtu ni miaka 70, basi ukivuka hapo unaanza upya, na 70 ukijumlisha 13 ni 83. Mwigizaji Kirk Douglas alifanya hivyo mwaka 1999. Bibi akaingia darasa la watu wazima, akajifunza herufi, akajifunza lahani, akasimama mbele ya watoto na wajukuu akasoma. Mpaka leo nikimsugua mgongo bafuni anaivumisha ile lahani, na najua sasa mahali inapopanda na inaposhuka.

Sasa nije kwa mama yangu.

Mwaka juzi nilipojifungua mtoto wa pili, mama alikuja kwa viza ya matembezi, miezi sita. Alikuwa na miaka 71. Kwao Tanga asubuhi haijapambazuka vizuri ameshatoka, ana wenzake wa kibarazani, wanasuka ukili, wanajua nani anaumwa na nani kapata mjukuu. Hapa tulimweka ghorofa ya tatu. Mume wangu anatoka saa kumi na moja alfajiri, mimi saa kumi na mbili na nusu. Mama alibaki na mtoto, televisheni ya lugha asiyoijua, na simu ya Tanga ambako watu wameshaanza kujiandaa kwa usiku. Alikuwa anasimama dirishani kuangalia magari. Mwezi wa tatu akaanza kushika ukuta akitembea.

Jioni moja nikamwambia, "Mama, kaa hapo kitini, kunja mikono, inuka." Nikahesabu nusu dakika. Saba. Kwa umri wake chini ya kumi ni hatari. Bibi aliyevuka miaka 85 alikuwa amempita mama yangu wa miaka 71, na aliyempeleka Bibi mazoezini wiki baada ya wiki ni mimi.

Nilimwomba msimamizi wa lile jumba. Akasema mlete, milango yetu haiulizi dini. Wifi yangu akawa anakaa na mtoto siku zake za mapumziko. Mama akaingia na kanga yake begani, akakaa karibu na Bibi, hawana lugha ya pamoja hata neno moja, akawa anamwangalia mwalimu na kufuata. Wakati wa chakula akanivuta: "Hawa wanachinja?" Nikamweleza kwamba nguruwe hawagusi, na mnyama wao huchinjwa kwa kisu kikali na mchinjaji aliyesomea kazi hiyo. Akauliza maswali mengine matatu, akaridhika, akala kuku wake. Alikwenda mara saba kabla ya kurudi nyumbani, na siku ya mwisho alifika tisa.

Waheshimiwa, katika miezi ile sita, ndani ya kaunti yetu hii hii, walikuwapo mama wengine watatu wa Tanga. Mama alikutana nao mara moja tu. Ilikuwa matangani.

Hapo ndipo ninapowalaumu, nami nikiwa mwanachama ninayelipa ada. Msiba ukitokea tunajua kila kitu: nani anapokea michango, nani anapika, nani anashughulikia ndege ya maiti. Fedha zinapatikana kwa siku chache, na hilo ni jambo jema, sitaki libadilike. Lakini yule yule tunayemchangia akiwa kwenye jeneza, alipokuwa hai dirishani hatukuwa na ratiba naye. Kwenye sherehe ya Uhuru tunawaita wazee meza ya mbele, tunapiga nao picha, saa sita usiku tunawarudisha ghorofani. Nililipeleka jambo hili kwenye mkutano wa jumuiya moja mwaka jana. Likawekwa kwenye mengineyo, na muda ukaisha kabla ya kufika mengineyo.

Najua majibu mawili nitakayopewa, kwa hiyo niyaseme mwenyewe.

La kwanza: wenzetu Wayahudi wana uwezo. Nawaomba tusiseme hivyo, kwanza kwa sababu ni uvivu wa kuwaangalia watu, pili kwa sababu si hivyo walivyoanza. Mwaka 1889 ilipoundwa Educational Alliance, jumba la jumuiya kwenye mtaa wa Lower East Side huko Manhattan, waliokuwa wakiingia pale ni wahamiaji wa kutoka dola la Urusi na Romania, washona nguo, watu waliojibana familia nzima kwenye vyumba viwili, wakija kujifunza Kiingereza baada ya kazi. Mwaka 1976 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia waliona wazee wa Kiyahudi mtaani kwao wamejifungia peke yao, wakaunda DOROT, neno la Kiebrania lenye maana ya vizazi. Hawakuanza na jumba, walianza kwa kuwatembelea. Baadaye wakaanzisha hata madarasa ya simu: mzee asiyeweza kutoka anapiga namba, anaunganishwa na wenzake, wanasikiliza muziki au wanajadili historia, kila mmoja yuko kitandani kwake. Na mwaka 1986, kwenye majengo ya ushirika ya Penn South huko Manhattan, yaliyojengwa na chama cha wafanyakazi washona nguo, wakazi walikuwa wamezeeka pamoja. Badala ya kuwahamisha, wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii waliletwa hapohapo kwenye majengo. Mfano huo umeigwa na wengi.

Tena serikali nayo inachangia. Tangu mwaka 1965 kuna sheria ya wazee, na tangu 1972 sheria hiyo inagharimia chakula cha mchana cha pamoja kwa watu wa miaka 60 na kuendelea, bila kumpima mtu kipato chake. Jumuiya gani kati yetu imewahi kwenda kwenye ofisi ya wazee ya kaunti kuuliza utaratibu?

Jibu la pili ndilo gumu zaidi, kwa sababu linatoka moyoni: sisi hatuwapeleki wazee wetu kwenye senta, tunawalea nyumbani. Ndugu zangu, nimezika wazee tisa katika kazi hii, naomba mnisikilize. Senta si nyumba ya wazee. Mtu anatoka saa tatu, saa nane yuko kwake, amechoka vizuri, ana la kusimulia. Kulea nyumbani kunakojumlisha saa kumi za kukaa peke yake kila siku si kule kulea tulikokuona kwa bibi zetu. Kule nyumbani mlango ulikuwa wazi, na mtaa wote ulikuwa ndio darasa. Hapa tumebakiza nyumba tu, mtaa hatukuja nao. Mwaka 2023 Vivek Murthy, daktari mkuu wa serikali ya Marekani wakati huo, alitoa waraka wa kuonya kwamba madhara ya kukosa watu maishani yanaweza kulingana na kuvuta sigara kumi na tano kwa siku. Na mwaka 2003 watafiti wa chuo cha udaktari cha Albert Einstein, ambacho kilianzishwa na chuo kikuu cha Kiyahudi, Yeshiva, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wazee 469 wa Bronx wenye zaidi ya miaka 75. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya mezani, wakipiga ala na wakicheza dansi walipata ugonjwa wa kusahau kwa uchache zaidi. Sisemi bao ni dawa, na watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Nasema bao tunalo, tumeliacha kabatini.

Na kuna jambo tusilopenda kulisema mbele za watu. Wengi wa mama zetu hatukuwaleta kutembea. Tumewaleta watulelee watoto, kwa sababu ada ya chekechea imetushinda. Kwa hiyo darasa lolote la wazee wetu lisilo na mtu wa kushika wajukuu kwa saa tatu halitapata mzee hata mmoja. Anzeni na hilo kabla ya kuchagua rangi ya fulana.

Ninachoomba ni asubuhi moja ya wiki, saa nne mpaka saa saba. Ukumbi wa jumuiya umelipiwa mwaka mzima na siku za kazi umefungwa. Viti vipo. Wauguzi na watunza wazee wenye vyeti vya huduma ya kwanza tumejaa, na wengi tuna siku moja ya mapumziko katikati ya wiki. Kina baba wanaoendesha teksi za programu za simu wanaweza kuzungusha magari mawili. Kila mzee aje na karatasi ya dawa zake na namba ya mtu wa kupigiwa. Nusu saa ya kuinuka na kukaa, kisha chai, kisha bao na dhumna, na mwenye ukili asuke. Kisha kusoma: Waislamu juzuu lao, Wakristo Biblia yao, na siku nyingine wote pamoja mashairi ya Kiswahili, ambayo hawa wazee wanayo kichwani kuliko sisi. Anayeumwa asiyetoka, aunganishwe kwa simu. Yule anayesahau asiwekwe pembeni, apewe mstari anaoukumbuka.

Wayahudi wana dua siku yao kuu ya toba, wanaisoma wamesimama na wengi wanalia. Imetoka kwenye Zaburi ya 71, na Biblia ya Kiswahili inayo hivi: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Mzee wa duka la dawa anaijua yote.

Mama anarudi Oktoba, Mungu akipenda, kwa miezi mingine sita. Kwa simu ananiambia kibarazani Tanga sasa wanainuka bila mikono, yeye ndiye mhesabuji. Mimi Jumanne na Alhamisi nina zamu mpaka saa tisa, Jumatano niko huru. Naomba kujua funguo za ukumbi anazo nani, nami nitakuja kupanga viti.

Mwanachama wenu, mtunza wazee,
Baltimore